Magoti Yetu na Sindano za Siku Hizi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Rabai)



Leo hatukusimama kusema juu ya mishahara. Twataka kusema juu ya magoti; lakini kabla hatujakaa mtaona kwamba mambo haya mawili ni jirani.

Hapa Rabai twajuana kazi zetu. Mgema hupanda minazi asubuhi na jioni. Mvunja mawe wa Mazeras hupiga magoti kutwa. Mwenzetu aendaye bandarini Kilindini huinua mizigo. Mama huchuchumaa mekoni, kisha huenda kuteka maji. Miaka ikipita, goti huanza kusema: asubuhi ni gumu, ukiteremka kilima lauma, ukichuchumaa huinuki mpaka ushike ukuta.

Watu husema ni baridi. Siyo baridi. Katika kiungo cha goti mna gegedu, kitu laini kinachofunika ncha za mifupa ili isisuguane. Gegedu hilo hulika, mfupa ulio chini yake hubadilika, na goti huvimba. Umri ni sababu moja, unene wa mwili ni ya pili, jeraha la zamani ni ya tatu, na kazi ya kupiga magoti na kuinua mizigo ni ya nne. Mpaka leo hakuna dawa inayorudisha gegedu lililokwisha. Yeyote atakayekuahidi hivyo, mwogope.

Twayasema haya kwa sababu mwenzetu mmoja aliweka minazi sita rehani apate kuchomwa sindano. Alipata nafuu miezi miwili. Kisha maumivu yalirudi, lakini minazi haikurudi. Hatusemi sindano ni mbaya. Twasema mtu ajue anunua nini.

Basi sikilizeni. Kwanza kuna sindano ya steroidi. Hii hupunguza uvimbe, na nafuu yake ni ya majuma au miezi michache. Yafaa goti lililovimba sana. Lakini mwaka 2017 madaktari wa Marekani walitangaza habari za watu 140. Nusu yao walichomwa steroidi kila miezi mitatu kwa miaka miwili, na nusu walichomwa maji ya chumvi. Waliochomwa steroidi gegedu lao lilipungua zaidi, na maumivu hayakutofautiana. Tena mwenye ugonjwa wa sukari amwambie daktari mapema, maana sindano hiyo hupandisha sukari kwa siku kadhaa.

Pili, kuna sindano ya damu yako mwenyewe. Damu hutolewa, huzungushwa katika mashine, na sehemu yake hurudishwa gotini. Ni ghali. Mwaka 2021 Australia walitangaza jaribio la watu 288, na baada ya mwaka mmoja haikushinda maji ya chumvi.

Tatu, kuna kuunguza mishipa ya fahamu. Sindano nyembamba hupelekwa karibu na vijishipa vinavyochukua habari ya maumivu kutoka gotini, navyo huunguzwa kwa joto. Kwanza daktari hujaribu kwa dawa ya ganzi aone kama ndivyo vyenyewe. Wengi hupata nafuu ya miezi sita au zaidi, kisha vijishipa huota tena. Goti halikutengenezwa, limenyamazishwa tu.

Nne, kuna kuziba vijishipa vya damu vilivyoota katika uvimbe wa goti, kwa mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa. Jambo hili bado lachunguzwa, wala si la kuuzia shamba.

Na ile kamera ndogo ya kuingia gotini na kuliosha? Mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walitangaza jaribio la watu 180 waliokubali kutojua wamefanyiwa nini. Wengine waliosharishwa magoti kweli, wengine walikatwa ngozi tu. Baada ya miaka miwili, waliotibiwa kweli hawakuwashinda wenzao.

Basi kilicho bora ni kipi? Ni kile kisichouzwa. Kaa juu ya kiti, nyosha mguu mmoja mpaka goti liwe sawasawa, hesabu mpaka kumi, ushushe. Fanya mara kumi kila mguu. Kisha simama na ukae bila kushika kitu, polepole. Fanya hivyo karibu kila siku kwa miezi mitatu kabla ya kusema haifai, maana paja lenye nguvu hulipunguzia goti mzigo. Mnene apunguze mwili: kila kilo moja ikitoka, goti hupunguziwa kama kilo nne kwa kila hatua. Dawa ya kupaka ya maumivu yasaidia. Vidonge vyake visimezwe kila siku bila daktari, kwa sababu hudhuru tumbo na figo. Likishindikana kabisa, kuna kubadilishwa goti, nayo ni operesheni kubwa.

Ukiambiwa habari ya sindano, uliza mambo matatu: nafuu itadumu muda gani? Madhara yake ni nini? Je, SHA italipa, na mimi nitalipa nini? Sisi twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA. Kuuliza ni haki yetu. Na goti likiwa jekundu, la moto, pamoja na homa, usingoje mkutano. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa lile neno la ujirani. Wengi wetu huficha goti kwa kuogopa kufukuzwa. Ukianguka kazini, sema siku ile ile na iandikwe, kwani Sheria ya Fidia ya mwaka 2007 yataka madai yaletwe kabla ya miezi 12 kupita. Goti lililoumizwa leo ndilo litakalolika kesho. Nasi kwa pamoja tudai vitu vya kupigia magoti kwa wavunja mawe, mikokoteni kwa wapagazi, na kazi nyepesi kwa aliyeumia. Sindano huingia katika goti la mtu mmoja; madai haya huyalinda magoti ya wote.

Umoja ni nguvu.