Daftari Letu Kwenye Simu



Mweka hazina akiugua, nani anajua nani anadaiwa? Daftari ni moja tu, jamani. Ndiyo maana tunataka mabinti zetu wajifunze kutengeneza programu za simu, na waanze na daftari hilo hilo. Kanuni yetu, "asiyemaliza deni hakopi tena," tayari ni programu: sharti na jibu lake. Chombo kiitwacho App Inventor, kilichotolewa na Google mwaka 2010 na sasa kiko chuo cha MIT, Marekani, ni cha bure. Amri zake hupangwa kama matofali. Dar es Salaam, Apps and Girls walianza kufundisha wasichana mwaka 2013. Sisi wa Morogoro je? Huku Uluguru mtandao husumbua, kwa hiyo daftari la karatasi libaki. Tunawaomba wageni wetu kompyuta moja, hata iliyotumika. Chumba na umeme tunavyo.