Mji wa Mateka

Wako kwetu wamwulizao mgeni kwa dharau, "Huyu kabila gani?" Nawakumbusha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, uliojengwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875 kwa mateka waliotolewa majahazini na manowari za Kiingereza. Walikuwamo Wayao, Wamakua na watu wa Nyasa, wala hawakuwa na lugha moja. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Walimu wao wengine walikuwa mateka vilevile, waliolelewa Nasik, Bara Hindi. Wawili wao, William Jones na Ishmael Semler, waliwekwa mashemasi mwaka 1885, nao ndio waliotutangulia kufundisha. Kengele ya mji ule iliita watu salani. Mahali pake paitwa Kengeleni hata leo.