Beringi ya Puli ya Kompresa ya AC: Uharibifu na Matengenezo Yake katika Mazingira ya Rungwe

Puli ya kompresa ya AC huzunguka muda wote injini inapowaka, AC iwe imewashwa au imezimwa. Kinachosubiri swichi ni klachi peke yake. Dereva akibonyeza kitufe, koili hupata umeme, hugeuka sumaku na kuivuta sahani ya klachi ishikane na puli. Hapo ndipo shafti ya kompresa inapoanza kuzunguka. Kabla ya hapo puli huzunguka bure juu ya beringi yake, na beringi hiyo hubeba mvuto wa mkanda safari nzima.

Kwa magari ya Rungwe jambo hili lina uzito wake. Mji wa Tukuyu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Dereva wa huku anaweza kukaa miezi bila kuihitaji AC, mpaka siku atakaposhuka Kyela kwenye joto la Ziwa Nyasa. Beringi isiyohudumiwa kwa sababu "AC haitumiki" inachakaa vilevile. Masika matope ya barabara za Mwakaleli huirukia. Kiangazi hupokea vumbi la udongo wa volkano, ambalo lina chembe kali. Uoshaji wa injini kwa pampu yenye nguvu nao huchangia sana, kwa kuwa maji yakielekezwa kwenye puli hupenya sili za mpira na kuharibu grisi iliyomo. Isitoshe, AC ina kazi hata kwenye baridi: hukausha hewa ya ndani na kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele, msaada mkubwa kwa anayeendesha mvuani kati ya Isongole na Kiwira.

Dalili ya kwanza ni sauti ya kukwaruza au kuvuma inayofuata kasi ya injini, ikisikika hata AC ikiwa imezimwa. Sauti inayotokea AC inapowashwa tu huelekeza zaidi kwenye klachi au ndani ya kompresa. Uhakika hupatikana mkanda ukishatolewa, injini ikiwa imezimwa: puli ikizungushwa kwa mkono inakwaruza, na ikitikiswa inacheza. Michirizi ya grisi kuizunguka, au chuma kilichogeuka rangi ya buluu kwa joto, huonyesha kuwa hali imekwenda mbali. Gari la namna hiyo halifai kuendelea na safari. Beringi ikikwama, mkanda huungua au hukatika, na katika injini nyingi mkanda huohuo ndio unaozungusha alteneta na pampu ya maji. Gari lililoanza na kelele humaliza kwa injini kuchemka, pengine katikati ya mteremko wa Kyela.

Habari njema ni kwamba kazi hii haigusi gesi. Mabomba hayafunguliwi, hivyo gereji isiyo na mashine ya gesi inaweza kuifanya, almradi kuna nafasi ya kufikia uso wa kompresa. Kufungua mabomba bila sababu ni kosa la kitaalamu: gesi ya R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri na inaweza kuunguza ngozi kwa baridi, na ni miongoni mwa gesi ambazo makubaliano ya Kigali ya mwaka 2016 yalilenga kupunguza kwa sababu ya kuongeza joto la dunia.

Waya wa hasi wa betri hutolewa kwanza, kisha mkanda. Sahani ya klachi hushikwa isizunguke huku boliti au nati ya katikati ikifunguliwa, halafu huvutwa kwa kifaa chake. Kuichokonoa kwa bisibisi huipinda. Washa nyembamba zilizo nyuma yake hutunzwa zote, maana ndizo zinazopanga nafasi ya klachi. Baada ya kutoa pete ya kubana, puli huvutwa taratibu. Shafti haipigwi nyundo kamwe, kwani sili yake ikiumia gesi itavuja.

Koili hukaguliwa kabla ya kuendelea. Puli iliyolegea huikwaruza, na koili iliyoungua itaiangusha kazi nzima. Kwa mfumo wa volti 12, ukinzani wake kwa kawaida huwa kati ya omu 3 na 5. Pua ya kompresa, inapokaa beringi, nayo hutazamwa. Ikiwa imelika, kuizungushia bati la kopo la soda au kuitoboa vidoti kwa senta panchi ili beringi ibane ni kuahirisha tatizo tu: puli itakaa upande na beringi mpya itakufa mapema. Hapo panahitajika kompresa nyingine.

Beringi mpya huchaguliwa kwa vipimo vitatu: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na upana. Moja inayopatikana sana ni ya milimita 35 kwa 55 kwa 20. Huwa na safu mbili za gololi, na haibadilishwi na ya safu moja hata kama inaingia. Inaposhindiliwa ndani ya puli kwa presi au jiliwa, nguvu hupita kwenye pete ya nje tu. Puli inaporudishwa kwenye pua, nguvu hupita kwenye pete ya ndani. Ikipita kwenye gololi, beringi huharibika kabla gari halijawashwa, ingawa macho hayataona kitu.

Sahani ikisharudishwa, nafasi kati yake na puli hupimwa kwa fila geji sehemu tatu za mzunguko. Kompresa nyingi hutaka takriban milimita 0.3 hadi 0.6, lakini kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa. Nafasi ikiwa ndogo mno, sahani husugua hata AC ikizimwa. Ikiwa kubwa mno, koili ikipata moto hushindwa kuivuta. Marekebisho hufanywa kwa kuongeza au kupunguza washa. Mwisho mkanda hukazwa kwa kipimo, kwani uliozidi kukazwa huirudisha beringi palepale, kisha injini huwashwa na kusikilizwa AC ikiwa imezimwa, halafu ikiwa imewashwa.