Kupanua Matundu ya Hedi: Gari Linapata Nguvu?

Msikilizaji, ukiupanda Mlima Kitonga kutoka Ruaha Mbuyuni kuja Ilula, gari lisilo na turbo huanza kulalamika. Si lazima liwe bovu. Kila mita 1,000 za kupanda, hewa hupungua uzito na injini hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu.

Ndipo unaposhauriwa: panua matundu ya silinda hedi, weka gasketi nyembamba. Je, nguvu huongezeka? Inaweza. Matundu yakisawazishwa hewa hupita vizuri, ila faida huonekana injini ikizunguka kwa kasi kubwa, kama kwenye mashindano. Wewe uliyebeba matenga ya nyanya unahitaji nguvu mzunguko ukiwa wa chini, na matundu yakipanuliwa kupita kiasi, hiyo ndiyo inayopungua!

Gasketi nyembamba huongeza mgandamizo. Kutoka 9 kwa 1 hadi 10 kwa 1, unapata nguvu zaidi kwa asilimia 2 au 3 hivi. Ukizidisha, injini ya petroli hugonga, na valvu zinaweza kukutana na pistoni.

Kabla ya yote hayo, anza kwa kukagua eya klina, plagi, kisha mgandamizo wa kila silinda. Huo fundi huupima kwa geji, bila kufungua hedi.