Kati ya Spana na Mshahara

Gari la watalii linaloondoka Arusha kwenda Serengeti halikutoka kiwandani likiwa vile. Land Cruiser inaingizwa gereji, inakatwa, chasisi inarefushwa, viti vinaongezwa, na paa linatengenezwa upya liweze kunyanyuka ili mgeni asimame apige picha. Kampuni kama Hanspaul imeikuza kazi hiyo hadi ikawa kiwanda kamili, ila kuchomelea, kunyoosha bodi na kupuliza rangi ni ujuzi unaozunguka pia katika gereji za mtaani. Chini ya gari huko yupo kijana aliyeishia darasa la saba. Fundi wake akisema “lete kumi na saba”, hageuki kusoma namba. Mkono unaijua spana yenyewe.

Kwenye fomu ya maombi ya kazi, kijana huyo hana elimu wala ujuzi.

Mhadhara huu unamhusu yeye, pamoja na mgumu anayebeba mizigo ya wapanda Mlima Meru kutoka Lango la Momella hadi Miriakamba, na binti aliyeacha shule Ngarenaro akawa anafua nguo za watu. Hoja ya mhadhara ni moja. Misaada kwa vijana wa hali ya chini imejaa darasani na huisha siku ya kukabidhi vyeti, hali wengi wanakwama mbele ya hapo, kwenye kipande kifupi kilichopo kati ya kujua kazi na kulipwa mshahara wa kwanza.

Zamani kipande hicho hakikuwa kirefu hivi. Arusha ilikuwa na Kiltex ya vitambaa na General Tyre ya matairi, na kiwanda kilimpokea kijana mgeni wa kazi kikamfundisha humo humo. Viwanda hivyo vilifungwa. A to Z ya Kisongo, inayotengeneza vyandarua, bado inaajiri maelfu, lakini jiji ambalo sensa ya 2022 ililikuta na watu zaidi ya 617,000 haliwezi kuegemea geti moja. Limeegemea utalii, na utalii una msimu. Juni hadi Oktoba hoteli zinatafuta watu. Masika ya Aprili na Mei zinawapunguza. Kijana anayemaliza kozi ya mapishi mwezi wa tatu anaingia sokoni wakati mbaya kuliko wote, hata kama amefundishwa vizuri namna gani. Anayepanga ratiba ya mafunzo Arusha bila kuhesabu masika anawapotezea vijana miezi mitatu ya mwanzo, na hiyo ndiyo miezi wanayokata tamaa.

Halafu yanakuja mambo madogo yasiyoandikwa kwenye bajeti ya mradi wowote: suruali na viatu vyeusi, nauli ya daladala kabla mshahara haujatoka, namba ya NIDA, barua ya mwenyekiti wa mtaa. Na wadhamini wawili. Hapo ndipo wengi wanapoanguka. Mwajiri ana sababu yake: anayemkabidhi mtu funguo za vyumba vya wageni lazima ajue pa kumtafuta. Mtoto wa Njiro, kwenye nyumba za wenye nafasi, anamtaja mjomba na mchungaji. Aliyelelewa kwenye kituo cha watoto, au aliyekulia stendi, amtaje nani? Chuo cha mafunzo kilichokaa naye mwaka mzima kinamjua kuliko mjomba yeyote, na kingeweza kusimama kuwa mdhamini wake kwa maandishi, kikapokea simu ya mwajiri hata miezi sita baadaye. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kujenga darasa jingine.

Kwa wenye ujuzi wa gereji ipo njia ambayo haijatangazwa inavyostahili. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi anakaguliwa akiwa kazini, anaulizwa maswali, anafundishwa alichopungukiwa, kisha anapewa cheti bila kurudishwa kidato cha kwanza. Waajiri wa Arusha wana haki ya kuifuatilia huduma hii, maana wao ndio wanaoilipia kwa sehemu. Tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara mwaka 2023, hulipwa na mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, na sehemu yake huenda VETA.

Jibu linalotolewa haraka zaidi kwa vijana ni mkopo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Utaratibu ulisimamishwa 2023 ukarejeshwa mwaka uliofuata. Ni fedha muhimu. Ila si kila kijana ni mfanyabiashara. Mchomeleaji hodari anayetafuta bosi mwenye mashine nzuri huambiwa, ili aupate mkopo huo, aunde kikundi, achague mweka hazina na aandike katiba.

Usa River kuna kituo cha Dayosisi ya Meru ya KKKT kinachowafundisha ufundi vijana wenye ulemavu. Sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea awe na asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu. Umbali wa kutoka Usa River hadi hoteli za mjini ni nauli ya daladala moja. Warsha ya Shanga jijini Arusha, iliyoanza 2007 na kuajiri watu wenye ulemavu katika kazi za vioo, shanga na ufumaji, imeonyesha kwamba wageni hununua bidhaa hizo kwa ubora wake. Kwa sheria hiyo ya 2010, hoteli yenye watumishi 60 inadaiwa nafasi mbili hivi, na kituo kinachoandaa watu wa kuzijaza kipo jirani.

Mwaka 2024 baadhi ya shule za sekondari zilianza kupokea wanafunzi wa mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi. Kundi hilo la kwanza linafika kidato cha nne 2027, mwaka ambao Tanzania, Kenya na Uganda zinaandaa AFCON na uwanja wa Olmoti jijini Arusha, wenye viti 30,000, unatarajiwa kupokea mechi. Hoteli na gereji za Arusha zinajua tangu sasa ni nafasi ngapi za fildi zinaweza kutoa mwaka huo, na zinaweza kuzigawa kupitia vyuo, majina yakiwa mezani kabla wapwa wa mameneja hawajapiga simu.