Saa ya Mdunguzi na Deni la Ukweli

(Hotuba iliyotolewa kwa viongozi wa walei katika semina ya Haki na Amani)



Kijana mmoja wa parokia yetu, aliyerudi kutoka masomoni Uingereza, alinijia akiwa na saa ya zamani ya mkononi. Uso wake ni mweusi, vialama vyake vya saa vimegeuka rangi ya kahawia, na mgongoni imechorwa alama ya mshale pamoja na herufi W tatu. Aliyemwuzia alimwambia kwamba ilivaliwa na mdunguzi, yaani askari mlenga shabaha anayejificha na kumpiga adui mmoja mmoja kutoka mbali. Kwa neno hilo moja bei ikapanda maradufu. Kijana akaniuliza: "Mzee, je, nimekosa kuinunua?" Nilimwomba muda wa kufikiri. Leo nawashirikisha jibu langu.

Kwanza, tuijue saa yenyewe. Mshale ule ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Makampuni 12, miongoni mwao Omega, Longines, Cyma na Grana, yaliliuzia jeshi saa za namna hiyo wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wakusanyaji hujitahidi kuzipata zote 12, na ile ya Grana, iliyo adimu kuliko nyingine, huuzwa kwa maelfu ya pauni. Lakini nyingi zilifika jeshini mwaka 1945, vita vya Ulaya vikiwa ukingoni. Tena namba iliyochorwa mgongoni huitaja saa, haimtaji aliyeivaa. Basi muuzaji asiye na hati yoyote amejuaje habari za mdunguzi? Ameuza hadithi, na hadithi hiyo imepandishwa bei kwa damu.

Pili, tufikiri saa ilikuwa na kazi gani kwa mdunguzi. Mara nyingi askari hao walikwenda wawili wawili, mmoja na bunduki, mwingine na darubini. Waliandika daftarini kila walichokiona pamoja na saa yake: wakati huu zamu ya ulinzi imebadilishwa, wakati huu chakula kimeletwa. Mazoea ya mtu yakawa mtego wake. Saa, chombo kinachotuita mezani na kanisani, ikawa chombo cha kumvizia mwanadamu. Nao wazee wetu wa King's African Rifles, waliopita bonde la Kabaw nchini Burma mwaka 1944, waliijua hofu ya risasi ya mtu asiyeonekana.

Tatu, tuulize nani alifaidika na nani aliumia. Kiwanda cha IWC cha mji wa Schaffhausen, Uswisi, kiliwatengenezea saa marubani wa Ujerumani, kisha kikawa miongoni mwa wale 12 walioliuzia jeshi la Uingereza. Biashara haikuchagua upande. Lakini vita navyo havikuchagua: tarehe 1 Aprili 1944 ndege za Marekani ziliupiga mji huo kwa makosa, na watu 40 wakafa.

Waumiaji wengine hawakuwa hata vitani. Vialama vya saa hizo vilisomeka gizani kwa sababu vilipakwa rangi yenye radiamu. Hatari yake ilikwisha kujulikana. Huko Orange, New Jersey, wasichana waliopaka saa rangi hiyo tangu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walifundishwa kuichonga ncha ya brashi kwa midomo. Taya zao zikaoza, wengi wakafa. Watano walishitaki mwaka 1927, na mwaka uliofuata wakalipwa fidia. Mng'ao umekwisha kufifia, lakini radiamu ingalimo, kwa maana hupungua nusu tu katika miaka 1,600.

Hivyo nilimjibu kijana: Mwanangu, kutunza kitu cha kale si kosa. Kosa ni kuthamini kitu kwa idadi ya watu waliouawa nacho, na kuurithisha uongo. Usiifungue saa hiyo wala kuikwangua, usiilaze chumbani unamolala, usimpe mtoto aichezee. Uiandikie karatasi yenye yale tu yaliyothibitika. Na utakapomwonyesha mtu, anza na wasichana wa Orange kabla ya kutaja bunduki.

Alikaa kimya, kisha akasema: "Basi nitalifuta neno mdunguzi." Najua kwamba kwa kulifuta amepoteza nusu ya fedha yake. Ukweli una gharama, ndugu zangu, na amani haijengwi bila watu walio tayari kuilipa.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika nyumba zetu mna vitu gani vya vita, na tunawasimulia watoto nini juu yake?
2. Je, tunamsifu muuaji hodari kuliko tunavyomkumbuka aliyeuawa?
3. Ni kazi zipi mahali petu zinazowadhuru wafanyakazi ili wengine wapate vitu vizuri?