Keekee ya Betri: Kwanza Itazamwe Betri

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Wilaya za Mbulu na Hanang



Fundi anayetoka mjini Mbulu kwenda kupiga dari katika kijiji cha mteremkoni, au yule wa Katesh anayeitwa Bassotu kufunga madirisha, mara nyingi hufika kwenye nyumba ambayo nguzo ya umeme i mbali nayo. Zamani jambo hilo halikumsumbua, kwa kuwa nyundo na misumari vilimtosha. Siku hizi dari za jipsamu, madirisha ya alumini na mabati ya kufungwa kwa skrubu yamefika hata vijijini, na kazi hizo hazimalizwi kwa nyundo. Kwa sababu hiyo keekee ya betri, ambayo mafundi wenyewe huiita drili, imekuwa zana ya riziki. Wilayani Hanang, ambako maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023 kutoka mlimani yaliua watu zaidi ya 80 na kubomoa nyumba za Katesh na Gendabi, hapana haja ya kueleza kwa urefu maana ya ukarabati.

Zana yenyewe si ngeni duniani. Kampuni ya Black & Decker ya Marekani ilitoa keekee ya betri mwaka 1961, ila betri za wakati ule zilikuwa nzito na dhaifu. Kilichoipa nguvu zana hii ni betri za lithiamu, ambazo zilianza kutumika katika zana za mafundi baada ya mwaka 2000.

Basi, anayenunua keekee ajue kwamba kwa hakika ananunua betri. Mota ikitunzwa hudumu miaka mingi. Betri huchoka baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, na bei yake ni sehemu kubwa ya bei ya zana nzima. Tena betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii katika zana ya kampuni nyingine. Fundi aliyenunua drili tatu za majina matatu kwa kufuata urahisi wa bei hujikuta ana chaja tatu, na siku betri moja inapokufa, drili nzima hugeuka kuwa chuma cha kuzuia mlango.

Hapa ndipo udanganyifu ulipo mwingi. Ndani ya betri mna seli, na seli moja ya lithiamu ina volti 3.6 kwa wastani, au 4.2 ikiwa imejaa. Seli 5 zikiunganishwa kwa mfuatano hutoa volti 18, au 21 zikijaa. Kwa hiyo zana iliyoandikwa 18, iliyoandikwa 20 na iliyoandikwa 21 zina nguvu ya umeme iliyo sawa. Wauzaji wamechagua tu namna ya kuhesabu. Lakini madukani zipo zilizoandikwa 48, 88 na hata zaidi ya 100, na herufi VF mbele ya tarakimu. Mnunuzi akiuliza maana ya herufi ile F hapati jibu. Na aigeuze chaja asome maandishi madogo ya umeme unaotoka: akikuta volti 21, basi ndani mna seli 5, na 88 ni rangi tu juu ya plastiki.

Tarakimu ya pili ni ya ampea-saa, nayo ndiyo huonyesha kazi itadumu kiasi gani. Betri ya volti 18 na ampea-saa 2 ina wati-saa 36. Ya ampea-saa 4 ina 72. Seli ya kawaida, yenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, hubeba ampea-saa 2 hadi 3 na kidogo zaidi, nayo ina uzito wa gramu 45 hivi. Betri yenye seli kumi za namna hiyo haiwezi kuwa na uzito chini ya gramu 450. Basi iwekwe juu ya mizani ya duka. Watu waliozoea kupima dengu na vitunguu saumu hawatashindwa kupima betri.

Kuhusu kazi yenyewe, skrubu za dari na bawaba za milango hazidai zana kubwa. Ya volti 12 hutosha na haichoshi mkono unaofanya kazi juu ya kichwa. Kwa mbao ngumu, mabati na kuta za matofali ya kuchoma, yafaa ya volti 18 yenye mpigo wa nyundo na taya za milimita 13. Lakini lenta ya zege ikihitaji matundu mengi, keekee ya betri ya kawaida isilazimishwe. Hiyo ni kazi ya mashine nzito ya kupiga zege, na jenereta ya kukodi itakuwa rahisi kuliko mota iliyoungua.

Mota zisizo na kaboni hutumia betri kwa uangalifu zaidi na hudumu, nazo ni ghali. Zenye kaboni si za kudharauliwa: kaboni ikiisha, fundi huibadilisha mwenyewe kwa bei ndogo, mradi zana ina vifuniko vya pembeni vya kuitolea. Hilo nalo litazamwe dukani.

Kuchaji pasipo umeme wa gridi kunawezekana. Paneli ya wati 100 kwa saa 4 za jua kali hutoa kama wati-saa 400. Hata upotevu wa inveta ukiondolewa, zinabaki za kujaza betri ya wati-saa 72 zaidi ya mara mbili, pamoja na taa na simu za nyumbani.

Chama kinachokusudia kuwanunulia mafundi wake kiafikiane kwanza juu ya familia moja ya betri, kisha kinunue zana chache na betri nyingi. Muuzaji aulizwe kabla ya fedha kutolewa kama betri ya peke yake ipo dukani, na bei yake; asiyekuwa nayo leo hatakuwa nayo mwakani. Stakabadhi ionyeshe namba ya zana na muda wa dhamana.

Katibu aandike namba na tarehe juu ya kila betri na katika daftari la vifaa. Betri isiwekwe mfuko mmoja na misumari, kwa kuwa chuma kikigusa ncha zake zote mbili huweza kuwasha moto. Isiachwe kwenye gari juani. Na ikikaa ghalani msimu mzima wa kilimo, iwekwe ikiwa na nusu ya chaji, ikaguliwe kila baada ya miezi 2 au 3.